Watoto wanapata Komunyo na Kipaimara lakini Misa hawaijui: turudishe mapokeo ya ibada na mafundisho parokiani (uzi mrefu)

MleiWaTemeke (mleta uzi)

Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Ndugu zetu wa madhehebu na dini nyingine karibuni pia, uzi ni wa wote, naomba tu tuheshimiane.

Hapa Dar parokia zetu zinajaa, hilo halina ubishi. Misa ya saa 12 asubuhi watu wamesimama nje, ya saa 2 hivyo hivyo, ya saa 4 ndo usiseme, kila parokia ina maturubai na mchango wa ujenzi. Mungu ashukuriwe kwa hilo. Lakini mchukue mtoto aliyepata Kipaimara juzi juzi tu hapa umuulize sakramenti ziko ngapi azitaje, au padre akiinua hostia kengele ikalia pale altareni kumetokea nini, au ile taa nyekundu ya kwenye tabernakulo (kile kisanduku cha kutunzia Ekaristi) inawaka usiku na mchana kwa ajili ya nani. Wengi watakuangalia tu. Na mtoto huyo huyo picha za sherehe yake zipo, ukumbi ulikodiwa, MC alikuwepo, keki ya ngazi tatu, kadi za mchango zilizunguka mpaka ofisini kwa mama yake.

Siwalaumu watoto hata kidogo, mtoto anajua alichofundishwa na alichokiona. Hoja yangu kwenye uzi huu ni moja: ibada na mafundisho ni kitu kimoja, haviachani. Misa ikisaliwa haraka haraka huku watu wanapiga stori na mwenyekiti anasubiria kipaza sauti atoe matangazo ya nusu saa, mtoto anafundishwa pale pale kwamba hapa hakuna kitu kikubwa kinachofanyika. Na akienda darasa la mafundisho akaambiwa Yesu yupo kweli kwenye Ekaristi maneno hayo yanaelea tu, maana hajaona mtu mzima yeyote anayefanya kama vile yupo kweli.

Tuangalie tulikotoka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868. Wabenediktini wakaja 1888 wakaanzia hapo Pugu, na Januari 1889 misheni ile ikachomwa kwenye vita vya Abushiri na wamisionari wengine wakauawa. Huku ziwani walikuwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, na huyu aliweka sharti ambalo leo tukilisoma tunashangaa, kwamba mtu mzima anayetaka ubatizo akae miaka 4, miwili ya kuandaliwa na miwili ya ukatekumeni wenyewe, ndo abatizwe. Miaka minne! Leo mtu anataka amalize mafundisho ya ndoa kwa wikiendi mbili kwasababu ukumbi ameshalipia.

Na matunda yake yalionekana. Mwaka 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda wakavuka ziwa mpaka Bukumbi huku kwetu upande wa Mwanza, wakarudi 1885. Muda wote huo wale waongofu wachache walibaki bila padre, bila Misa, wakawa wanafundishana wenyewe kwa wenyewe. Hao ndo waliotoa mashahidi. Karoli Lwanga Mei 1886 alimbatiza Kizito na wenzake usiku ambao wanajua kabisa asubuhi kuna kifo, na tarehe 3 Juni wakachomwa Namugongo. Kizito alikuwa kijana wa miaka kama 14 hivi, umri ule ule wa watoto wetu wa Kipaimara. Hakufa kwa ajili ya kitu alichokisikia juu juu.

Naendelea chini, msichoke.

MleiWaTemeke (mleta uzi)

Sehemu ya pili. Watu wengi ukitaja mapokeo, Kilatini, nyimbo za Kigregoriani, wanakujibu haraka kwamba hayo yalifutwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima wa 1962 mpaka 1965. Mimi naomba tusome hati yenyewe. Hati ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium, ilitolewa tarehe 4 Desemba 1963. Namba 36 inasema Kilatini kihifadhiwe katika ibada za Kanisa la Kilatini, yaani letu la Roma, alafu inaruhusu lugha za watu zitumike zaidi kwasababu zina faida kubwa kwa waumini. Namba 54 inasema lugha ya watu inaweza kupewa nafasi kwenye Misa, ila waumini wafundishwe waweze kusema au kuimba pamoja kwa Kilatini zile sehemu zao za Misa. Namba 116 inasema wimbo wa Kigregoriani ni wa liturujia ya Kiroma wenyewe hasa, upewe nafasi ya kwanza mambo mengine yakiwa sawa. Na ile namba 14 ambayo wote tunaipenda, ya ushiriki kamili na wa kujua, inaendelea kusema kwamba ushiriki huo hautapatikana mpaka mapadre wenyewe wazame kwenye roho ya liturujia na wawafundishe waumini.

Kwahiyo aliyesema Kiswahili kiingie Misani yuko sahihi na mimi nafurahi kusali kwa Kiswahili, ndo lugha niliyofundishwa nayo Salamu Maria na mama yangu. Ila aliyesema Kilatini kimepigwa marufuku hajaisoma hati. Hata Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 928, inasema Ekaristi iadhimishwe kwa Kilatini au kwa lugha nyingine ambayo maandiko yake yamepitishwa kihalali. Na 1974 Papa Paulo wa VI, huyo huyo aliyetoa Misale mpya (kitabu cha sala za Misa), aliwatumia maaskofu wa dunia nzima kijitabu kidogo kinaitwa Jubilate Deo chenye nyimbo za msingi ambazo kila Mkatoliki popote alipo alitakiwa azijue, Kyrie (Bwana utuhurumie), Gloria (Utukufu), Credo (Nasadiki), Sanctus (Mtakatifu), Agnus Dei (Mwanakondoo), Salve Regina, Tantum Ergo na nyingine.

Ninachoomba sio kila Jumapili iwe Kilatini. Naomba mtoto wa Mbagala akienda Roma au Kampala akikuta watu wanaimba Credo asikae kimya kama mgeni nyumbani kwa baba yake. Na naomba mafundisho yapewe muda, vitabu na walimu, kama tunavyoupa ujenzi.

Mzalendo wa Mbagala

Mkuu nimekusoma vizuri lakini sikubaliani. Bibi yangu alikuwa anasali Misa ya Kilatini miaka hiyo kijijini, padre ameelekea ukutani, yeye anasali rozari yake mpaka Misa inaisha hajui kilichosemwa. Ndo unataka turudi huko? Sisi ni Waafrika, ngoma zetu, vigelegele vyetu, kwaya zetu ndo sala yetu. Kardinali Rugambwa amekuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika 1960 alafu leo tunaambiwa tuimbe Kizungu cha zamani. Watoto wenyewe Kiswahili fasaha kinawashinda.

Katekista wa kigango

Milele amina mleta uzi. Naomba niseme ya darasani maana nyie mnaongelea Kilatini sisi tunalia na vitu vidogo kabisa.

Nafundisha Komunyo ya Kwanza. Darasa langu ni ukumbi ambao Jumamosi mchana unatumika na kwaya kwa mazoezi, kwahiyo nikichelewa kuanza wanakuja na kinanda wananitoa. Watoto ni wengi kuliko viti. Vitabu hakuna, kila mtoto anaandika kwenye daftari ninachoandika ubaoni na wengine wanaandika polepole kipindi kinaisha wako mstari wa tatu. Nusu hawaji kila wiki kwasababu ya twisheni, na mzazi ukimpigia simu anakwambia mwalimu huyu ana mtihani wa taifa. Mwezi mmoja kabla ya sherehe ndo wanajaa wote, wazazi wanakuja na barua ya jumuiya na bahasha za zaka zimelipwa zote kwa mkupuo wanadhani hiyo ndo tiketi.

Kuna tatizo jingine jipya, watoto wa shule za kingereza. Baba Yetu anaijua kwa Kingereza ya shule, nyumbani hawasali, kwangu nafundisha Kiswahili. Anakaa katikati hajui hata moja mpaka mwisho.

Paroko akija kuwapima anawauliza maswali mawili matatu, aliyeshindwa mzazi wake analia ofisini, basi anapitishwa. Simlaumu paroko, ana vigango, ana wagonjwa, ana mazishi kila wiki. Ila ndo hali ilivyo. Makatekista tunapewa posho ya nauli na wengine hata hiyo hawapati, na bado tupo kwasababu tunawapenda hawa watoto.

Tulivyofundishwa sisi kule kijijini ilikuwa maswali na majibu, unakariri, usipojibu unarudi mwaka ujao. Siku hizi ukimkaririsha mtoto unaambiwa ni ya kizamani, mtoto aelewe kwanza. Sasa hajakariri na hajaelewa.

MleiWaTemeke (mleta uzi)

Mkuu Mzalendo wa Mbagala nashukuru kwa hoja nzito. Nakujibu kwa moyo mmoja.

Bibi yako namheshimu sana, na nakubali kwamba watu wengi zamani walikuwa Misani bila kufafanuliwa chochote, ndo sababu mojawapo Mtaguso ulifanya mabadiliko. Hapo hatugombani. Ila jiulize, yule bibi alimlea nani? Alifunga toka usiku wa manane asile chochote mpaka apokee Komunyo, maana ndo ilikuwa sheria, Papa Pius wa XII ndo akaja kulegeza kuanzia 1953 na 1957 ikawa masaa matatu, na Paulo wa VI 1964 akaifanya saa moja. Alitembea kwa miguu mpaka misheni. Aliungama kabla. Hakuwa na maneno ya kuifafanua Misa lakini mwili wake wote ulijua anamwendea nani. Sisi leo kila neno tunalisikia kwa lugha yetu, alafu tunatafuna bigijii kwenye foleni ya Komunyo.

Kuhusu ngoma, Mtaguso huo huo namba 119 umesema nchi za misheni muziki wa watu wake upewe heshima na nafasi inayostahili. Sijasema ngoma ziondoke. Siku ya Pasaka vigelegele vya Utukufu vikipigwa mimi ni wa kwanza kusimama. Ninachokataa ni kwaya kugeuza Misa onesho, wimbo wa Komunyo wenye beti nane unaochezwa huku watu wamegeuka kurekodi na simu, padre ameshakaa anasubiri. Na pia nakataa kuambiwa Kilatini ni cha Wazungu. Mtakatifu Agustino alikuwa mtu wa Afrika ya Kaskazini na maandishi yake yote ni Kilatini. Tertuliano wa Kartago, Mwafrika wa kaskazini pia, ndo mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuandika teolojia kwa Kilatini. Hii ni mali yetu pia, tusijitoe wenyewe kwenye urithi.

Katekista, umenigusa sana. Umeuliza kukariri na kuelewa. Papa Yohane Paulo wa II kwenye hati yake ya katekesi, Catechesi Tradendae ya 1979, namba 55, alilisemea hilo hilo, kwamba imani na uchaji havichanui kwenye jangwa la katekesi isiyo na kumbukumbu. Alisema maneno ya Yesu, amri kumi, kanuni ya imani, sala za msingi, mafundisho muhimu yakae kichwani. Kukariri sio adui wa kuelewa. Mtoto anakariri leo, anaelewa akiwa na miaka 20 siku amefiwa au ameumwa, maneno yanakuja yenyewe kwasababu yalikuwepo ndani.

Mtu wa Ilala

Asalaam aleikum wote. Mimi Muislamu nimepita tu lakini hii mada nimeipenda. Watoto wetu wanaanza madrasa hata shule hawajaanza, akifika darasa la pili anasoma Alhamdu na sura za Juzuu Amma kwa kichwa, Kiarabu hicho hakijui kama lugha ya kuongea nyumbani, na hakuna mzazi anasema mtoto anateswa. Anajua hii ni lugha ya sala. Maana ustadhi anamfundisha polepole kadri anavyokua. Na kila siku anaenda, sio wiki mara moja. Nawatakia kheri.

MleiWaTemeke (mleta uzi)

Waaleikum salaam ndugu yangu wa Ilala. Umesema kwa mistari michache kitu nilichokuwa nakitafuta toka juu. Watoto wa nyumba moja ya kupanga, mmoja anatoka madrasa amebeba msahafu, mwenzake wa Kikatoliki anatoka twisheni ya hesabu, wote ubongo wao ni mmoja. Anayesema watoto wa Dar hawawezi kujifunza mistari sita ya Agnus Dei awaangalie hao jirani zake.

KKKT Damu

Na sisi Walutheri kipaimara bado tunasoma Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya 1529, amri na maana yake, imani na maana yake, Baba Yetu na maana yake. Wachungaji wengine wanabana kweli kweli. Ila na kwetu sherehe zimezidi, hilo la MC na keki ni la mji mzima.

Mjukuu wa Ndanda

Babu yangu alisoma shule ya misheni kwa Wabenediktini Ndanda na alikuwa mtumikiaji kabla ya Mtaguso. Uzeeni, macho hayaoni, majina ya wajukuu anachanganya, lakini ukimwambia Introibo ad altare Dei anakujibu hapo hapo Ad Deum qui laetificat juventutem meam, na anajua kwamba ni Zaburi ile ya kwenda altareni kwa Mungu anayeufurahisha ujana wangu. Alifundishwa maana na padre Mjerumani kabla hajaruhusiwa kushika kengele. Kwahiyo sio wote walikuwa hawaelewi, ilitegemea nani kakufundisha.

Mpitaji Tabata

Swali la haraka mleta uzi. Hii Misa ya zamani yenyewe, ile ya padre kuelekea altare, bado inaruhusiwa? Na kuna kundi la yule askofu Mfaransa nasikia lipo mpaka Nairobi, wanatumana mitandaoni kwamba Misa yetu ya sasa ni batili. Kijana wa jumuiya yetu ameanza kusema hivyo hivyo na haendi tena parokiani.

MleiWaTemeke (mleta uzi)

Mkuu asante, hili ni muhimu sana na naomba vijana walisome taratibu.

Misale ya zamani ndo ile iliyopangwa na Papa Pius wa V mwaka 1570 baada ya Mtaguso wa Trento, toleo lake la mwisho ni la 1962 chini ya Yohane wa XXIII. Misale ya Paulo wa VI ikaanza kutumika Majilio ya 1969. Mwaka 2007 Papa Benedikto wa XVI kwa hati ya Summorum Pontificum aliruhusu ile ya 1962 itumike kwa upana. Tarehe 16 Julai 2021 Papa Fransisko kwa hati ya Traditionis Custodes akaibana tena, ruhusa ikarudi mikononi mwa askofu wa jimbo, isifanyike kwenye makanisa ya parokia, na masomo yasomwe kwa lugha ya watu. Februari 2023 ikaongezwa kwamba askofu akitaka kuruhusu kanisa la parokia litumike lazima aombe Roma kwanza. Kwahiyo jibu ni kwamba ipo, lakini mwenye neno ni askofu wetu na Baba Mtakatifu, sio sisi wa mitandaoni.

Huyo Mfaransa ni Marcel Lefebvre, alikuwa Askofu Mkuu wa Dakar, Senegali, mmisionari hasa. Mwaka 1988 aliweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa Yohane Paulo wa II na wakaingia kwenye adhabu ya kutengwa, Benedikto akawaondolea wale wanne 2009, na Fransisko akawapa mapadre wao uwezo wa kuungamisha kihalali kuanzia Mwaka wa Huruma. Ni kidonda ndani ya Kanisa na mimi nakiombea kipone.

Lakini kusema Misa ya parokia yako ni batili, hapana, hapana kabisa. Huyo kijana mumfuate nyumbani kwake, msimcheke, msimtangaze jumuiyani. Mara nyingi anakuwa na njaa ya kweli ya ukimya na utakatifu, hajaipata parokiani, akaipata kwenye video za watu wa Marekani wenye hasira. Mpeni kazi ya kutumikia altareni, mpeleke kwenye Kuabudu Ekaristi. Mapokeo bila askofu sio mapokeo, kwasababu kilichopokelewa kinapokelewa kutoka kwa Mitume na warithi wao ndo hao maaskofu. Na nzuri ni kwamba karibu yote tunayoyatamani yanawezekana ndani ya Misale ya sasa bila kuomba kibali maalumu popote: uvumba, ukimya baada ya homilia na baada ya Komunyo, nyimbo za Kigregoriani, kupiga magoti, kupokea Komunyo ulimini, watumikiaji waliofundishwa.

Mama wawili Kimara

Jamani mimi nimesoma yote mpaka machozi yananilenga. Mume wangu anafanya kazi za zamu, mimi natoka kazini saa moja usiku kwa foleni ya Morogoro Road, watoto wameshachoka. Jumuiya Jumamosi asubuhi nawahi peke yangu wao wamelala. Naanzia wapi? Maana mwaka kesho mkubwa anaanza Komunyo na baba paroko ametangaza darasa litafunguliwa.

MleiWaTemeke (mleta uzi)

Dada yangu pole na hongera, kuuliza tu hivyo umeshaanza. Kanisa kwenye kanuni ya 774 linasema wazazi ndo wa kwanza wenye wajibu wa kuwafundisha watoto imani kwa neno na kwa mfano, kabla ya katekista, kabla ya paroko. Hiyo isikutishe, ina maana tu kwamba dakika kumi zako zina nguvu kuliko saa mbili za ukumbini.

Usiku kabla ya kulala, ishara ya msalaba ifanyike polepole ionekane msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe, Sala ya Kutubu. Basi. Hata kama umechoka unasinzia, wakuone umepiga magoti. Kwa lugha moja, chagueni Kiswahili ili akienda kwa katekista asianze upya. Alafu kila wiki swali moja tu la katekisimu, linabandikwa kwenye friji au ukutani jikoni, Mungu ametuumba kwa nini, Utatu Mtakatifu ni nini, sakramenti ni ishara ya nini, mnalijibu wote mpaka mdogo naye analishika. Kwa mwaka ni maswali zaidi ya hamsini, mtoto wako atafika darasani anajua kuliko wanaomaliza.

Jumamosi nenda nae jumuiya huyo mkubwa, hata akisinzia. Maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki) waliziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, zilikusudiwa ziwe mahali imani inapoishwa na kurithishwa, watoto wasipokuwepo tunabaki watu wazima tunaosomeana michango. Jumapili fika kabla Misa haijaanza, mpeleke mbele ya tabernakulo mpige goti pamoja, umnong'oneze Yesu yupo pale, msalimie. Kaeni mbele, sio nje kwenye turubai, mtoto akikaa nyuma anaona migongo tu. Siku mkipata nafasi mpeleke St. Joseph pale mjini karibu na Kivukoni, kanisa lile lilijengwa na Wajerumani kuanzia 1897 mpaka 1902, muoneshe vioo vya rangi nyuma ya altare, kila picha ina stori na atakuuliza mwenyewe. Watu wasiojua kusoma walifundishwa Biblia kwa vioo vya namna ile.

Na umri usikutishe. Papa Pius wa X mwaka 1910, kwenye hati ya Quam Singulari, alisema mtoto akifika umri wa kuanza kufahamu, kama miaka saba, na anaweza kutofautisha mkate wa kawaida na Ekaristi, asicheleweshwe. Papa huyo huyo 1905 kwenye Acerbo Nimis aliagiza maparoko wafundishe watoto katekisimu kila Jumapili na sikukuu, mwaka mzima, saa nzima. Alijua mtoto mdogo anaweza, akitengewa muda.

Mzalendo wa Mbagala

Mleta uzi kwenye ngoma na Agustino umenifanya nifikirie. Bado naona Kilatini sio kipaumbele, makatekista kupewa vitabu na posho ndo kipaumbele. Lakini la heshima Misani na la kwaya kurefusha nyimbo naunga mkono mia kwa mia.

Mwalimu wa kwaya Segerea

Naomba nichangie la kwaya maana tunasemwa sana humu. Wengine tunajitahidi. Kwaya yangu ya watoto wa Utoto Mtakatifu niliwaanzishia Missa de Angelis, ile Misa ya Kigregoriani ya Kilatini, sikuwapa nota, niliimba mstari wao wakarudia, kwanza Kyrie peke yake wiki kadhaa kwenye mazoezi mpaka imekaa. Ile Kyrie inajirudia rudia kwahiyo haina ugumu. Sanctus ikafuata. Gloria ndo ndefu, tunaigawa pande mbili wanajibizana. Kabla ya kuimba nawaambia sehemu hii ni ya nini, kwa nini tunaomba huruma kabla hatujasikia Neno, kwa nini Sanctus ni wimbo wa malaika aliousikia Isaya hekaluni. Wazazi ndo wa kwanza kunifuata wakiomba na wao wafundishwe. Na wazee wa UWAKA (umoja wa wanaume Wakatoliki) kumbe wanaijua yote kichwani, wanaimba kwa sauti nzito kule nyuma mpaka watoto wanageuka kuwaangalia.

Sasa ushauri kwa wanaotaka kuanza, msianze na mambo makubwa. Tantum Ergo na O Salutaris za Baraka ya Sakramenti Kuu parokia nyingi bado zinaimbwa, anzeni na hizo maana sikio lipo tayari. Alafu antifona (nyimbo fupi) za Bikira Maria, ziko nne zinafuata majira ya mwaka, Alma Redemptoris Mater ni ya Majilio na Noeli, Ave Regina Caelorum mpaka Kwaresima, Regina Caeli Pasaka, na Salve Regina siku nyingine zote. Jumuiya ikimaliza rozari ya Oktoba badala ya kutawanyika tu waimbe Salve Regina, ni dakika mbili. Credo ya tatu, ule wimbo wa Nasadiki wa Kigregoriani, iacheni mpaka watoto wameshazoea. Na kabla ya yote mwende kwa paroko mkamuombe, msimshtukize Jumapili.

Katekista wa kigango

Mwalimu wa kwaya, hiyo ya kuwaambia maana kabla ya kuimba naomba uje unifundishie darasani kwangu, tugawane saa, wewe nusu mimi nusu, na ukumbi tutaacha kugombania.

MleiWaTemeke (mleta uzi)

Hii ndo nimeipenda kuliko yote niliyoandika mimi. Kwaya na katekista darasa moja, ukumbi mmoja.

Kwetu Temeke kikao cha Halmashauri Walei kipo wiki ijayo, napeleka maombi mawili tu: bajeti ya vitabu vya katekisimu isomwe kwenye matangazo sawa sawa na ya ujenzi, na matangazo yenyewe yabandikwe ubaoni ili baada ya Komunyo watu wabaki na ukimya. Wenye parokia ambazo tayari zimefanya hivi tupeni uzoefu, na mwalimu wa Segerea ukiweza kurekodi ile Kyrie kwa sauti polepole iweke humu, wengi tutaitumia.

Mwalimu wa kwaya Segerea

Nitairekodi Jumamosi baada ya mazoezi, watoto wenyewe waimbe. Wanaotaka na nota niandikieni faragha.